Anza na Sakafu: Jinsi ya Kuchagua Vifaa vya Hoki ya Magurudumu kwa Kila Aina ya Uwanja

Mtu anayeanza hoki ya magurudumu kwa kawaida hununua buti kwanza, kisha kofia, kisha fimbo yenye rangi iliyomvutia. Magurudumu huyachukua yaleyale yaliyokuja na skeiti, na hayafikirii tena mpaka siku anapokata kona na kujikuta amelala chali. Mpangilio huo ni kichwa chini, miguu juu.

Vitu vinavyogusa ardhi katika mchezo huu ni vichache: magurudumu, bapa la fimbo (sehemu pana ya chini inayopigia), paki (kisahani kigumu kinachopigwa badala ya mpira) au mpira wenyewe, pedi za kipa, na wewe mwenyewe unapoanguka. Hivyo ndivyo vinavyopaswa kubadilika uwanja unapobadilika. Buti, kofia na glavu, ukishapata zinazokutosha sawasawa, zitakwenda nawe popote. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini na kupanda juu.

Hatua ya 1: Isome sakafu

Fika uwanjani mapema, kabla wenzako hawajaanza kupasha misuli. Sakafu utakazokutana nazo ni za aina nne: vigae vya plastiki vinavyoshikana, zege, mbao na lami. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu zege lililosuguliwa na kupakwa rangi ndani ya ukumbi na zege la maegesho ya magari hazifanani kitabia hata kidogo. La kwanza linateleza, la pili linakwaruza.

Pitisha kiganja chini. Ukihisi chembe zinazokwaruza ngozi, magurudumu yako yatazihisi pia. Kisha futa sehemu ndogo kwa kitambaa cheupe. Kikichafuka kwa vumbi, ujue uwanja utakuwa mtelezo hata kama sakafu yenyewe inashika vizuri, maana vumbi hukaa katikati ya gurudumu na ardhi. Mwisho, dondosha maji kidogo pembeni, mahali ambapo hapachezewi. Yakijikusanya na kubaki juu, sakafu imezibwa kwa rangi au dawa, na utahitaji gurudumu laini. Yakinywewa, vinyweleo viko wazi na kuna pa kushika. Usisahau kuyafuta.

Kwenye lami angalia pia nyufa, kokoto zilizong'oka na mistari iliyopigwa rangi. Mistari hiyo huteleza kuliko lami inayoizunguka, hasa ikiwa na unyevu. Nyufa pana kiasi cha kuingia kidole ziepuke kabisa, kwani gurudumu jembamba la skeiti za mstari mmoja linaweza kunasa humo.

Kabla ya kuendelea, hakikisha unajua unacheza tawi lipi. Kuna hoki ya skeiti za mstari mmoja, ambazo magurudumu yake hufuatana, na kuna hoki ya skeiti za magurudumu mawili mbele na mawili nyuma. Hii ya pili inatumia fimbo fupi iliyopinda na mpira mgumu, na ilichezwa kama mchezo wa maonyesho katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Zote mbili ziko chini ya shirikisho moja la kimataifa, World Skate, lakini vifaa vyake havibadilishani. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa inahusu skeiti za mstari mmoja. Tawi lile jingine huchezwa zaidi juu ya mbao na sakafu nyingine laini za ukumbini, kwa hiyo mchezaji wake haumizwi kichwa sana na suala la uwanja.

Hatua ya 2: Chagua ugumu wa magurudumu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningeweka fedha zangu kabla ya kitu kingine chochote.

Magurudumu hutengenezwa kwa poliyurethani, plastiki inayobonyea kama mpira, na ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Ubavuni mwa gurudumu utaona namba kama 74A au 82A. Namba ikiwa ndogo, gurudumu ni laini. Ikiwa kubwa, ni gumu. Gurudumu laini hubonyea kidogo chini ya uzito wako, likapata eneo kubwa zaidi la kugusa sakafu, na hivyo likashika. Gurudumu gumu hubonyea kidogo sana, kwa hiyo linakwenda kwa wepesi na halimomonyoki haraka, lakini kwenye sakafu laini halina cha kung'ang'ania.

Kwenye vigae vya plastiki vya ndani, anza kati ya 72A na 78A. Namba gani hasa ndani ya nafasi hiyo? Uzito wako ndio unaoamua. Mchezaji mwenye kilo 60 hana uzito wa kutosha kulibonyeza gurudumu la 78A, hivyo litamteleza. Mwenye kilo 95 akivaa 72A atahisi kama anakimbia kwenye mchanga, na mpira wa gurudumu utaanza kumeguka vipande. Kama mahali pa kuanzia, chini ya kilo 65 jaribu 72A hadi 74A. Kati ya hapo na kilo 85 jaribu 74A hadi 76A. Zaidi ya hapo nenda 76A hadi 78A. Mchezaji anayekata kona kwa nguvu hushuka namba kidogo, na anayependa mbio za moja kwa moja hupanda.

Zege lililopakwa rangi au kusuguliwa linahitaji ulaini uleule wa vigae, na siku yenye unyevunyevu hewani linahitaji ulaini zaidi. Zege ghafi la ndani, lile lisilozibwa, tayari linashika lenyewe, kwa hiyo 78A hadi 80A hutosha na hudumu zaidi. Mbao zilizotunzwa vizuri ziko katikati: 74A hadi 78A kwa skeiti za mstari mmoja. Wachezaji wa skeiti za mawili-mawili hutumia magurudumu magumu zaidi, mara nyingi karibu na 90A, kwa kuwa magurudumu yao ni mapana na yana eneo la kutosha la kugusa.

Lami na zege la nje ni habari nyingine kabisa. Huko sakafu ni kama msasa, na gurudumu la 74A litaliwa baada ya michezo michache tu. Nenda 80A hadi 85A. Usiogope kwamba hutashika: ukali wa lami wenyewe ndio unaokushikia. Kinachobadilika ni namna ya kusimama. Ndani, mchezaji mzuri hugeuza skeiti kimshazari na kuzitelezesha mpaka asimame. Kwenye lami, gurudumu linaweza kushika ghafla na kukurusha mbele. Jifunze kusimama kwa kugeuka kwa nguvu huku mguu wa nje ukisukuma chini, na uache ile tabia ya kuburuta mguu wa nyuma, maana inatengeneza ubapa kwenye magurudumu yako. Gurudumu likishakuwa na ubapa utalisikia likigonga kila mzunguko.

Kuna magurudumu yenye tabaka mbili, la nje laini na la ndani gumu. Wazo ni kupata mshiko bila kupoteza kasi. Ndani ya ukumbi yanafanya kazi nzuri. Nje sioni faida yake, kwa sababu tabaka laini ndilo linalokutana na lami.

Namba ya ugumu haielezi kila kitu. Magurudumu mawili yaliyoandikwa 76A yanaweza kukimbia tofauti kabisa, kwa sababu mpira wa poliyurethani hutofautiana katika uwezo wa kurudi katika umbo lake baada ya kubonyezwa. Unaorudi upesi hukurudishia nguvu uliyoitoa mguuni. Unaorudi polepole huinyonya. Ukiwa dukani, yadondoshe yote mawili kutoka urefu uleule juu ya sakafu ngumu. Linalodunda juu zaidi ndilo zuri, alimradi yana ukubwa na ugumu sawa. Muuzaji anaweza kukutazama vibaya, lakini fedha ni zako.

Watengenezaji wengine hawaandiki namba. Wanaandika tu kwamba gurudumu ni laini sana au la kati, au ni la ndani au la nje. Hapo maneno ya ndani na nje yaaminiwe kwa wastani, lakini usilinganishe "laini" ya kampuni moja na "laini" ya nyingine.

Na usitafute gurudumu moja la kila mahali. Lile linalouzwa kama la ndani na nje, la 78A au 80A, litakutosha ukiwa unajifunza. Ukianza kucheza kwa dhati katika viwanja viwili tofauti, nunua seti mbili, kila moja na beringi zake (vile vipete vya chuma vinavyolifanya gurudumu lizunguke) tayari ndani. Kubadilisha magurudumu manane yaliyokwisha kuvishwa beringi ni kazi ya dakika chache. Kuhamisha beringi 16 kutoka gurudumu moja hadi jingine ukiwa kwenye benchi la uwanja ni adhabu.

Hatua ya 3: Kipenyo na fremu

Kipenyo cha magurudumu ya hoki huwa 72, 76 au 80 mm. Gurudumu kubwa hupita juu ya mikwaruzo na vijiwe kwa urahisi na huwa na kasi ya juu zaidi. Dogo hukuweka karibu na ardhi na kukupa mwanzo wa haraka. Kwa lami mbovu, chagua 80 mm kote. Kwa ukumbi wenye vigae, fremu nyingi za hoki (fremu ni kile kipande cha chini ya buti kinachoshika magurudumu) hutumia mchanganyiko: mawili ya mbele ni 76 mm au 72 mm, mawili ya nyuma ni 80 mm. Mpangilio huo humwinamisha mchezaji mbele kidogo.

Kabla ya kununua, angalia fremu yako inakubali ukubwa gani. Fremu ya magurudumu mchanganyiko haipokei 80 mm mbele. Gurudumu litagusa chuma na halitazunguka.

Kuhusu malighafi ya fremu, alumini ni ngumu na hupeleka nguvu yako yote ardhini, jambo zuri kwenye sakafu laini. Kwenye lami mbovu hupeleka pia kila mtetemo mpaka gotini. Fremu ya plastiki ngumu humeza sehemu ya mitetemo hiyo, ila hupinda kidogo chini ya mchezaji mzito. Kama una skeiti moja tu na ni ya alumini, usiibadilishe kwa sababu hiyo. Gurudumu la 80 mm litakusaidia zaidi ya fremu mpya.

Hatua ya 4: Beringi

Usipoteze usingizi hapa. Beringi za kawaida ni za aina ya 608, zenye tundu la 8 mm, kipenyo cha 22 mm na upana wa 7 mm. Namba za ABEC (1, 3, 5, 7, 9) zinaeleza usahihi wa vipimo vya utengenezaji. Hazisemi lolote kuhusu uimara, grisi wala ubora wa chuma. Beringi safi ya ABEC 5 itaishinda ABEC 9 iliyojaa vumbi kila siku ya wiki.

Cha kuangalia ni kifuniko chake. Kwa nje, tafuta zilizofungwa kwa mpira pande zote, zenye grisi nzito kidogo. Hazizunguki kwa wepesi ukizichezea kidoleni, lakini vumbi na maji haviingii kirahisi. Kwa ndani, zenye kifuniko cha chuma kinachofunguka zinafaa zaidi, kwa kuwa utaweza kuzisafisha na kuzitia oili nyepesi. Zikilowa, zitoe siku hiyohiyo. Kutu haisubiri mechi ijayo.

Hatua ya 5: Paki au mpira

Paki ya hoki ya barafuni ni kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 156 hadi 170. Usiilete kwenye uwanja wa magurudumu. Barafuni inateleza kwa sababu ya barafu. Kwenye vigae inasuguana na sakafu, inasimama wima na kuanza kubingirika kama gurudumu lililochomoka kwenye gari. Paki ya hoki ya magurudumu ni nyepesi zaidi, na ina vijiti vidogo vya plastiki vinavyochomoza juu na chini ili eneo la kugusa sakafu liwe dogo. Kwenye vigae, mbao na zege laini hiyo ndiyo unayohitaji. Vijiti hivyo huisha. Vikilingana na uso wa paki, paki itaanza kurukaruka, na wachezaji watalaumu sakafu bure.

Kwenye lami, hata paki yenye vijiti vipya itaruka kila inapokutana na kokoto. Tumia mpira. Mipira ya hoki ya mtaani hutengenezwa kwa viwango tofauti vya ugumu kulingana na hali ya hewa, maana plastiki hukakamaa kwenye baridi na kulegea kwenye joto. Mpira wa majira ya joto ukichezwa kwenye baridi kali huwa mgumu kama jiwe na unaumiza. Wa baridi ukichezwa juani hulegea na kudundadunda. Soma maandishi ya kwenye kifungashio badala ya kufuata rangi, kwani kila mtengenezaji ana mpango wake. Ipo pia mipira yenye kimiminika ndani, ambayo haidundi sana. Inafaa kwa mazoezi ya pasi.

Kama unataka kufanya mazoezi ya paki kwenye lami, kuna paki za mazoezi zilizotengenezwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa ulegevu, ambazo hazipinduki kirahisi. Ni za pasi na chenga tu. Ukipiga shuti kali zinavunjika.

Hatua ya 6: Fimbo

Fimbo ya kaboni ni nyepesi na shuti lake ni tamu, na lami inaila bila huruma. Sehemu ya chini ya bapa husagika, nyuzi za kaboni zinafunguka, na bapa linaanza kupasuka kuanzia nchani. Kwa nje chukua fimbo ya mpini wa mbao yenye bapa la plastiki ya ABS. Ni nzito, haivutii macho, na itakuwepo msimu mzima. Njia ya kati ni mpini unaokubali bapa la kubadilisha: unaupasha moto, unachomoa lililoisha na kupachika jipya.

Ndani, chagua unavyopenda. Vigae na mbao havili bapa kwa kasi ile.

Tepu ya bapa inasaidia kushika paki ndani ya ukumbi. Kwenye lami sehemu ya chini ya tepu huchanika ndani ya dakika chache, na mabaki yake hukwamisha mpira. Wengi huifunga juu na kuikata kabla haijafika kwenye ukingo wa chini.

Bapa lililokwisha kutumika lisomwe kabla ya kutupwa. Likiwa limelika zaidi upande wa kisigino, ncha yake ilikuwa ikiinuka: fimbo ni ndefu mno kwako, au pembe kati ya mpini na bapa haiendani na mkao wako. Likiwa limelika nchani, ni kinyume chake. Lami, kwa ukali wake wote, inakupa taarifa hii bure ndani ya wiki.

Kuhusu urefu: ukiwa umevaa skeiti, fimbo iliyosimama wima ifike kidevuni.

Hatua ya 7: Kinga za mwili

Katika hoki ya skeiti za mstari mmoja, kugongana mwili kwa makusudi kwa kawaida hakuruhusiwi, ndiyo maana wachezaji wengi huvaa shati lenye pedi nyepesi badala ya pedi kubwa za mabega za hoki ya barafuni. Kofia yenye wavu au kioo, kinga za ugoko, za viwiko na glavu hazina mjadala katika uwanja wowote.

Tofauti iko katika aina ya jeraha. Kwenye vigae utaanguka na kuteleza, na msuguano utakuachia alama ya kuungua kwenye mkono ulio wazi. Kwenye zege tatizo ni pigo lenyewe, kwa hiyo nyonga na mfupa wa mkia vinahitaji kaptura yenye pedi chini ya suruali. Lami inachuna. Vaa mikono mirefu, kinga za viwiko zenye ganda gumu kwa nje, na suruali ambayo hutaililia. Suruali nyepesi ya nailoni ya ukumbini haimalizi mwezi huko nje.

Kipa ana shida yake ya pekee. Barafuni pedi zake huteleza zenyewe anapopiga magoti. Kwenye vigae zinakwama, na goti linabaki nyuma wakati mwili unakwenda. Atafute pedi zenye ubavu wa kitambaa kinachoteleza, au afunge vibao vya plastiki vya kutelezea upande unaogusa sakafu. Kwenye lami hata vibao hivyo havimsaidii sana. Huko acheze zaidi akiwa amesimama, na avae pedi kuukuu au azifunike. Kumpeleka kipa na pedi mpya kwenye lami ni kumfukuza katika timu kwa upole.

Hatua ya 8: Jaribu, sikiliza, rekebisha

Vaa kila kitu na zunguka kwa dakika kumi kabla hujagusa fimbo. Kata kona ya mduara mdogo, kwanza kulia kisha kushoto, ukiongeza kasi kidogo kidogo. Skeiti ikikimbilia nje, shuka namba mbili za ugumu. Ukihisi unavutwa nyuma, na miguu imechoka mapema kuliko kawaida, panda namba mbili. Sauti nayo inasema: mlio mkali wa kukwaruza kwenye vigae unapogeuka ni gurudumu linalopoteza mshiko.

Kabla ya kununua seti nyingine, futa magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na ujaribu tena. Mara nyingi mtelezo ni vumbi tu.

Baada ya michezo michache utaona upande wa ndani wa magurudumu umelika zaidi. Badilisha la kwanza na la tatu, la pili na la nne, na kila unapolirudisha, geuza upande uliokuwa ndani uwe nje. Ikiwa ukubwa wa mbele na nyuma ni tofauti, huwezi kufanya hivyo ndani ya skeiti moja. Badilisha kati ya kulia na kushoto, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Seti ya ndani iliyokwisha kupungua usiitupe mara moja. Kwenye lami haifai, lakini kwenye zege ghafi la ndani, siku za mazoezi, bado ina kazi ya kufanya.